Imamu Ghazali na Kiburi cha Mwenye Elimu

Utangulizi

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa kuutazama mwili: bingwa wa dawa naye huugua, na akiugua hana budi kumwendea mwenzake. Hata hivyo, ipo maana iliyojificha zaidi. Mtu anaweza kuujua ugonjwa kwa jina, kwa dalili na kwa dawa yake, akaufundisha kwa ufasaha mbele ya umati, ilhali ugonjwa huo huo umestakimu kifuani mwake naye hana habari. Katika historia ya wanazuoni ni wachache ambao maisha yao yanaidhihirisha maana hiyo kama Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wamezoea kumwita Imamu Ghazali.

Ghazali alizaliwa mwaka wa 1058 na kufariki mwaka wa 1111. Katika umri huo wa miaka hamsini na kitu alipanda hadi kilele cha elimu ya zama zake, akakihama kilele hicho kwa miguu yake mwenyewe, kisha akatumia sehemu kubwa ya miaka iliyosalia kuuchunguza ugonjwa mmoja: kiburi cha mtu anayejua, na hususan kiburi cha mtu anayejidhania kuwa mwema. Makala haya yanayafuata maisha hayo kuanzia utotoni hadi kaburini. Hayakusudii kuviorodhesha vitabu vyake vyote wala kuzipima hoja zake zote za kifalsafa. Shabaha ni kuonyesha jinsi msomi mmoja alivyougua kwa elimu yake, na jinsi alivyotafuta tiba.

Malezi na elimu

Ghazali alizaliwa Tus, mji wa jimbo la Khurasan ambalo sehemu yake kubwa leo imo kaskazini mashariki mwa Irani. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa mtu wa kipato kidogo aliyejikimu kwa kusokota na kuuza sufi, na wako wanaolihusisha jina la Ghazali na kazi hiyo. Baba huyo hakujaliwa kusoma, lakini aliwapenda wanazuoni na kuvihudhuria vikao vyao. Alipohisi ajali inamkaribia, alimwita rafiki yake mmoja aliyeshika njia ya Kisufi, akamkabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, na kumwusia awasomeshe mpaka ikwishe.

Akiba ilikwisha. Mlezi naye alikuwa fukara. Aliwashauri vijana wale waingie madrasa, kwa kuwa mwanafunzi wa madrasa alipewa posho ya chakula. Hivyo ndivyo mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Uislamu alivyoingia katika elimu: kwa sababu ya njaa. Baadaye, akiwa mtu mzima, Ghazali aliikumbuka hali hiyo na kukiri kuwa yeye na nduguye waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mungu, na elimu yenyewe ikakataa kubaki huko. Kauli hiyo ina uzito katika kuyaelewa maisha yake. Swali la nia, yaani mtu anasoma kwa ajili ya nani, lilizaliwa pamoja na usomi wake.

Baada ya masomo ya awali mjini Tus, Ghazali alikwenda Jurjan kusoma fikihi. Taj al-Din al-Subki, mwandishi wa karne ya 14, amekihifadhi kisa cha safari ya kurudi nyumbani. Wanyang'anyi waliuvamia msafara na kuchukua kila kitu, pamoja na mfuko uliokuwa na maandishi ya masomo yake. Kijana aliwafuata, akamsihi mkuu wao amrudishie makaratasi yale yasiyo na faida kwao, kwa sababu ndani yake ndimo ilimokuwa elimu aliyoihangaikia. Mkuu wa wanyang'anyi aliangua kicheko. Alishangaa vipi mtu anadai kuijua elimu ambayo akinyang'anywa mfuko anabaki mtupu. Mfuko ulirudishwa, na kijana akajifungia miaka mitatu kuyahifadhi yote yaliyoandikwa humo. Kama kisa hiki kilitokea hivyo hasa au kilitiwa chumvi na wasimulizi, mafunzo yake yanaafikiana na maisha yaliyofuata. Mnyang'anyi alimfundisha Ghazali kuihamisha elimu kutoka mfukoni hadi kichwani. Kuihamisha kutoka kichwani hadi moyoni ilikuwa safari nyingine, nayo ingemgharimu zaidi.

Kutoka Tus alielekea Nishapur, akawa mwanafunzi wa Abu al-Maali al-Juwayni, aliyejulikana kwa lakabu ya Imamu wa Haram mbili, mwanatheolojia mkubwa wa wakati wake. Huko Ghazali alipata ubingwa wa fikihi, theolojia, mantiki na sanaa ya mdahalo. Mwandishi Abd al-Ghafir al-Farisi, aliyeishi zama hizo na kumfahamu Ghazali ana kwa ana, ameacha ushahidi usio na upendeleo juu ya tabia yake ya ujanani. Anamweleza kama mtu mkali, mwenye kuwatazama watu kwa jicho la dharau, aliyelewa kwa kipaji chake cha kunena na kufikiri, na aliyetafuta jaha na cheo. Ushahidi huu ni muhimu kwa kuwa unatoka kwa mtu wa nje. Hauwezi kutiliwa shaka kuwa ni unyenyekevu wa kujipakazia.

Kilele cha Baghdad

Al-Juwayni alifariki mwaka wa 1085. Ghazali alikwenda kwenye kambi ya Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuk, ambaye barazani pake wanazuoni walikutana na kushindana kwa hoja mbele ya wakubwa. Ghazali aliwashinda wengi. Mwaka wa 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu hivi, waziri huyo alimteua kuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, madrasa yenye hadhi kubwa katika mji wa makhalifa.

Mwenyewe ameeleza kuwa wanafunzi waliohudhuria darasa zake walifika mia tatu. Aliombwa fatwa, alisikilizwa na makhalifa na masultani, na heshima yake ilishindana na ya mawaziri. Imesimuliwa kwamba siku alipoingia Baghdad mavazi yake na mnyama aliyempanda vilikadiriwa kuwa na thamani ya dinari mia tano. Kalamu nayo haikupumzika. Alikieleza kwanza kile walichofundisha wanafalsafa, kisha akaandika Tahafut al-Falasifa, kitabu kilichokamilika mwanzoni mwa mwaka wa 1095, akizichambua na kuzipinga hoja za Ibn Sina na al-Farabi. Aidha, kwa kuagizwa na Khalifa al-Mustazhir, aliandika kuwapinga Wabatini.

Ikumbukwe kwamba miaka hii ya fahari ilikuwa pia miaka ya hatari. Mwaka wa 1092 Nizam al-Mulk aliuawa kwa kuchomwa kisu, na kabla mwaka haujaisha Sultani Malik Shah naye akafa. Warithi wakaanza kupigana. Mlezi wa cheo cha Ghazali alikuwa amekwenda na dola ilikuwa ikitikisika. Licha ya hayo, kiti cha mwalimu mkuu kilibaki salama, na watu waliendelea kumtazama kama nguli asiye na mshindani.

Ulimi uliofungwa

Ndani ya kilele hicho ndimo ugonjwa ulimojitokeza. Ghazali ameusimulia katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu alichokiandika akiwa amepita umri wa miaka hamsini. Wakati fulani kabla ya hapo alikuwa amewahi kukumbwa na shaka kali juu ya uwezekano wa kujua lolote kwa yakini, hali iliyodumu kwa karibu miezi miwili. Sasa alikuwa akisoma maandishi ya Masufi, miongoni mwao Abu Talib al-Makki na al-Harith al-Muhasibi. Kuyaelewa kwake hakukumpa tabu. Kilichomshtua ni kugundua kuwa kuyaelewa si kitu. Tabibu mgonjwa, alieleza, anaijua maana ya siha na sababu zake na dawa zake, ilhali mwenyewe hana siha. Kuijua fasili ya zuhudi na kuwa mtu wa zuhudi ni mambo mawili yaliyo mbali mno.

Akaanza kujihesabu. Aliyatazama matendo yake, na lililo bora kati yake lilikuwa kufundisha. Akaitazama nia yake katika kufundisha, akaona haikuwa safi kwa ajili ya Mungu: kilichomsukuma kilikuwa jaha na kutaka sifa yake ienee. Kwa mtu aliyekaa juu ya kiti cha dini huko Baghdad, ugunduzi huo ulikuwa mzito kuliko kushindwa katika mdahalo wowote. Lile alilolidhania ibada yake kuu ndilo lililokuwa chakula cha nafsi yake.

Kwa muda wa miezi sita hivi, kuanzia mwezi wa Rajabu ulioangukia Julai 1095, aliyumba. Asubuhi aliazimia kuondoka, jioni jeshi la matamanio likayavunja maazimio yake. Upande mmoja dunia ilimvuta kwa minyororo, upande wa pili imani ilimhimiza aondoke kwa kuwa umri uliobaki ni mfupi na safari ni ndefu. Kisha shetani akamnong'oneza kuwa hali ile ni ya kupita tu, na kwamba akikiacha cheo kile kisicho na mgogoro huenda akakitamani kesho asikipate tena.

Hatimaye mwili ukaamua. Ulimi wake ulifungika. Alijilazimisha kufundisha angalau siku moja ili kuwaridhisha waliokuja kumsikiliza, lakini neno halikutoka. Huzuni ikamwingia moyoni, ikaondoa uwezo wa kumeza na kusaga chakula, hata tonge na funda la maji yakawa taabu. Matabibu walikata tamaa. Walisema jambo hili limeanzia moyoni na kutoka huko likaenea mwilini, hivyo haliponi mpaka moyo upumzishwe na hamu iliyoushukia. Ni vigumu kuipita kinaya iliyomo humu. Kiungo kilichougua ni kile kile kilichomjengea jina: mshindi wa midahalo alinyamazishwa pasipo mpinzani kutia neno.

Ghazali ameeleza kuwa alipoishiwa na hila alimwelekea Mungu kama mtu aliyebanwa asiye na njia, na ikamwia rahisi kuupa kisogo utukufu, mali na jamaa. Alitangaza kwamba anakwenda Maka, huku moyoni amekusudia Shamu, kwa kuhofu kuwa khalifa na marafiki wangemzuia. Aligawa mali aliyokuwa nayo, akabakisha ya kutosha mahitaji na riziki ya wanawe. Nduguye Ahmad akashika nafasi yake ya kufundisha. Mnamo Novemba 1095 mwalimu mkuu wa Nizamiyya aliondoka Baghdad.

Watu wa Iraki walishindwa kuelewa. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kukiacha cheo kama kile kwa sababu ya kidini, kwa kuwa wao walikiona cheo chenyewe kuwa ndio upeo wa dini. Waliokuwa mbali walidhani wakubwa wamemfukuza. Waliokuwa karibu na wakubwa, walioona jinsi alivyong'ang'aniwa, walisema ni jicho limewapata watu wa elimu.

Miaka ya upweke

Mjini Dameski alikaa kwa karibu miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kujitenga, kuidhibiti nafsi, kuitakasa tabia na kuusafisha moyo kwa dhikri. Alifanya itikafu katika Msikiti wa Umayya, akipanda mnara wake na kujifungia humo mchana kutwa. Kutoka huko alikwenda Baitul Mukadas, akawa akiingia katika Kuba ya Mwamba kila siku na kujifungia mlango.

Al-Subki anasimulia kuwa siku moja, akiwa Dameski katika nguo za kifukara, Ghazali alimsikia mwalimu wa madrasa mojawapo akilitaja jina lake katika kuitolea hoja mas'ala fulani. Alihofia ujuba usimwingie, akauhama mji. Kisa hiki kimeandikwa zaidi ya karne mbili baada ya kifo chake na hakina budi kupokewa kwa tahadhari. Pamoja na hayo, wasimulizi walimwelewa vyema mtu waliyemsimulia. Nguo za kifukara zilikuwa zimemficha machoni mwa watu, lakini sikio lake lilikuwa bado likilitambua jina lake na kulifurahia. Mavazi hubadilishwa kwa siku moja.

Mwaka wa 1096, mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim katika mji wa Hebron, Ghazali aliweka nadhiri ya mambo matatu: asimwendee sultani yeyote, asipokee mali ya sultani, na asishiriki midahalo ya hadharani. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa ngazi ya kupandia Baghdad. Nadhiri hiyo inasomeka kama maagizo ya tabibu anayemkataza mgonjwa vile vyakula hasa vilivyomwuguza. Baadaye alihiji. Kisha, kwa kuvutwa na wito wa watoto wake, akarejea nyumbani, jambo ambalo mwenyewe analitaja bila kulipamba: shughuli za wakati, mahitaji ya ahali na dharura za maisha zilimchafulia utulivu, na hali aliyoitamani ilimjia kwa vipindi tu. Mwaka wa 1097 alipitia tena Baghdad, ambako mwanachuoni wa Andalusia, Abu Bakr ibn al-Arabi, alikutana naye. Hatimaye akarudi Tus.

Ihya na uchunguzi wa kiburi

Zao kuu la miaka hiyo ni Ihya Ulum al-Din, kazi yenye vitabu arobaini vilivyogawanywa katika robo nne: ibada, desturi za maisha, mambo yanayoangamiza na mambo yanayookoa. Robo ya tatu inaanza kwa kuyaeleza maajabu ya moyo, kisha inayapitia maradhi yake moja baada ya jingine: tamaa ya tumbo na ya mwili, maovu ya ulimi, hasira na husuda, dunia, ubahili, jaha na riya, kiburi na ujuba, na mwisho ghururi, yaani hali ya mtu kujidanganya nafsi yake.

Ghazali anakitenganisha kiburi na ujuba kwa makini. Kiburi kinahitaji watu wawili, mmoja wa kujiona juu na mwingine wa kudharauliwa. Ujuba hauhitaji mwenzi. Hata mtu angeumbwa peke yake duniani angeweza kujistaajabia, akaiangalia neema aliyonayo na kumsahau aliyempa. Anazitaja sababu saba zinazozaa kiburi: elimu, ibada, nasaba, uzuri, nguvu, mali na wafuasi. Elimu ameitanguliza. Kwa mujibu wa maelezo yake, elimu ni mfano wa mvua. Hushuka kutoka mbinguni ikiwa tamu na safi, miti ikainywa kwa mizizi yake. Mti mchungu ukazidi uchungu na mti mtamu ukazidi utamu. Anayeanza kusoma na moyo mbovu, elimu humnenepeshea ubovu wake.

Baada ya mwenye elimu anakuja mwenye ibada, na hapa uchunguzi unazidi ukali. Huyu huwaona wenzake wameangamia na yeye ameokoka. Mtu akimwudhi, kisha mtu yule akapatwa na msiba, huona kwamba Mungu amemlipizia kisasi na kwamba hiyo ni karama yake. Husahau kuwa manabii waliudhiwa na hata kuuawa, na wengi wa waliowaudhi hawakuadhibiwa papo hapo. Je, yeye ana daraja kubwa kuliko manabii?

Tiba anayoipendekeza ina sehemu mbili, ya ujuzi na ya vitendo. Ujuzi ni kuijua nafsi, chimbuko lake na mwisho wake, na kumjua Mungu. Lakini mtu anaweza kudhani amekwisha kupona kwa kuyajua hayo, ndipo Ghazali anapomtaka ajipime. Mathalani, akijadiliana na mwenzake na haki ikatoka kinywani mwa mwenzake, je, huipokea kwa furaha na kumshukuru, au huona uzito? Je, huwatanguliza walio sawa naye na kukaa chini yao barazani? Hukubali mwaliko wa maskini na kwenda sokoni kwa haja za wenzake? Hubeba mwenyewe vitu vya nyumbani kwake njiani? Huweza kuvaa nguo duni? Kila panapokuwa na uzito ndipo palipo na ugonjwa.

Hata vipimo hivyo vina mitego. Ghazali anamtaja mtu anayekwenda kukaa mahali panapowekwa viatu ili aonekane mnyenyekevu, ilhali kiburi ndicho kilichompeleka huko, kwa kuwa anaonyesha kuwa ameteremka kutoka mahali anapostahili. Anayetaka kuishinda nafsi akae karibu na wenzake, chini yao kidogo, pale ambapo hakuna wa kumsifu. Katika kitabu cha ghururi anaonyesha jinsi makundi manne yanavyojidanganya: wanazuoni, wenye ibada, Masufi na matajiri. Hakuwaachia Masufi, watu ambao njia yao ndiyo aliyoichagua. Wapo waliotosheka na mavazi yenye viraka. Wapo waliojifunza istilahi za wapenzi wa Mungu na kuwadharau mafakihi kwa istilahi hizo. Wapo hata walioigeuza kazi ya kuchunguza aibu za nafsi kuwa taaluma, wakakwama humo umri wao wote. Kwa maneno mengine, hakuna ngazi ambayo mtu akiifikia kiburi humwacha. Kila hatua ya kuponywa ina kiburi chake.

Kurejea Nishapur

Mtihani mkubwa wa Ghazali haukuwa kuondoka. Ulikuwa kurudi. Mwaka wa 1106 Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk na waziri wa Sanjar, mtawala wa Khurasan, alimshikilia arejee kufundisha katika Nizamiyya ya Nishapur. Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja tangu aondoke Baghdad. Kukubali kulikuwa na sura ya kuirudia ngazi ile ile. Kukataa nako kulikuwa na mtego, maana aligundua kuwa upweke ulikuwa umegeuka raha, usalama na heshima ya nafsi, mambo yanayofanana na ibada kwa nje tu. Alishauriana na watu aliowaamini, akakubali.

Katika Munqidh anaeleza tofauti anayoiona. Zamani alifundisha elimu inayoleta jaha, na kwa maneno na matendo aliwaita watu kuifuata. Sasa anafundisha elimu inayomfanya mtu aiache jaha. Mara baada ya hapo anaongeza kuwa hiyo ndiyo nia yake kadiri Mungu anavyoijua, wala yeye hajui kama atafika anakokukusudia au atafia njiani. Mtu aliyeandika kwa yakini dhidi ya wanafalsafa anashusha sauti anapoisemea nafsi yake.

Al-Farisi anarudi tena kama shahidi. Alimzuru mara kadhaa katika kipindi hiki, na mwanzoni aliamini kuwa upole aliouona ni joho la kujisitiri, kwa sababu aliikumbuka dharau ya zamani. Alipochunguza na kumpima, alikata shauri kwamba mtu yule alikuwa amepona kweli. Ushuhuda huo una thamani kuliko sifa za wanafunzi, kwa kuwa umetoka kwa mtu aliyeanza kwa shaka.

Hoja za wakosoaji

Si wote waliomkubali. Mwaka wa 1109, angali hai, Ihya ilichomwa moto mjini Cordoba chini ya utawala wa Wamurabiti. Wataalamu wa hadithi wamelalamikia hadithi dhaifu zilizomo katika kitabu hicho. Watafiti wa karne ya 20 nao wametilia shaka simulizi ya mwaka wa 1095, wengine wakishikilia kuwa siasa za baada ya kifo cha Malik Shah na hofu ya kuuawa na Wabatini zilichangia kumwondoa Baghdad. Hoja hizi hazifai kupuuzwa. Munqidh iliandikwa zaidi ya miaka kumi baadaye, wakati ambapo kurejea kwake kufundisha kulihitaji utetezi, na hakuna mtu anayeyasimulia maisha yake pasi na kuchagua.

Hata hivyo, hofu ya kisu na hofu ya Mungu zinaweza kukaa katika kifua kimoja. Aidha, hofu ya siasa peke yake haielezi kwa nini mtu aliyeondoka aliweka nadhiri ya kutopokea mali ya wakubwa, wala kwa nini aliuchunguza ugonjwa wake mwenyewe kwa undani kiasi kile. Swali gumu zaidi ni jingine: mtu aliyeikimbia sifa amepata sifa ya milele kwa kuikimbia. Ghazali hakulitatua swali hilo. Aliliacha wazi, akaendelea kujipima.

Athari katika fasihi ya Kiswahili

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu yao wenyewe ya kumsoma Ghazali. Masharifu wa Alawiyya waliotoka Hadhramaut, ambao mchango wao katika maisha ya kidini ya pwani ni mkubwa, waliienzi mno Ihya, na Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh kisiwani Lamu ni tunda la mapokeo hayo. Msamiati wa tiba ya moyo umekuwa mali ya Kiswahili: nafsi, riya, ujuba, ghururi, toba, zuhudi, ikhlasi, tawakali. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utenzi ambao mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe na kuuonyesha magofu ya Pate, umo katika ukoo huo wa fikra. Haina maana kwamba Sayyid Abdallah alimwiga Ghazali. La msingi ni kuwa mshairi hakusimama mimbarini kuwakemea wengine. Alianza na moyo wake, kama Ghazali alivyoanza na nia yake ya kufundisha.

Hitimisho

Ghazali hakudumu Nishapur. Alirudi Tus, akawa na madrasa ya wanafunzi na makazi ya Masufi karibu na nyumba yake. Alipoitwa tena Baghdad alikataa. Miaka yake ya mwisho alijishughulisha na kusoma hadithi, fani ambayo hakuwa bingwa wake, akikaa kama mwanafunzi mbele ya waliokuwa chini yake kwa umaarufu. Alifariki Jumatatu tarehe 18 Desemba 1111. Imepokewa kutoka kwa nduguye Ahmad kwamba asubuhi ile alitawadha, akaswali, akaitisha sanda yake, akaipokea kwa ridhaa na kujilaza kuelekea kibla.

Maisha haya yanamhusu kila anayeishi kwa elimu: anayetetea tasnifu, anayesahihisha mitihani, anayesimama mbele ya darasa na kusubiri kusikilizwa. Kipimo cha kwanza alichokiacha Ghazali kinaweza kutumika katika kongamano lolote. Mwenzako anaposema jambo la haki ambalo wewe hukuliona, utazame moyo wako kabla hujafungua kinywa.